Kukata, Kufunga, au Kuendelea Kusimama

Kuna kipindi nilikuwa dereva wa bodaboda asiyekaa kwenye pikipiki yake. Niliendesha nimesimama juu ya vikanyagio, magoti nimeyakunja kidogo, makalio hewani, na abiria nyuma yangu kakaa peke yake kama mfalme asiyejua anakopelekwa. Wanachuo wa ualimu pale Butimba walinizoea. Wakifika kijiweni wananitania, "Leo sipandi na huyu mlingoti. Jana nilitazama mkanda wa suruali mpaka mjini."

"Mgongo, dada," nilikuwa najibu. "Mgongo unanisumbua."

Mgongo haukuwa na tatizo lolote. Tatizo lilikuwa chini yake kidogo, mahali ambapo mtu mzima hapataji mbele za watu. Hospitalini wanaita ugonjwa huo bawasiri. Kijiweni wanasema mtu "ameota kinyama", na wakishasema hivyo wanatema mate pembeni na kubadili mazungumzo. Changu kilianza kwa damu kidogo chooni, nyekundu kama ya kidonda kibichi, bila maumivu, nami nikaipuuza. Baadaye kikawa kinatoka nikienda haja kubwa na kurudi chenyewe. Halafu kikawa hakirudi mpaka nikirudishe kwa kidole. Mwisho kikakataa kurudi kabisa, kikakaa nje kama mpangaji aliyegoma kuhama, na tangu hapo mimi nikawa sikai.

Kwa mtu mwingine labda hilo ni tatizo la kiti tu. Kwangu lilikuwa tatizo la maisha. Niliacha shule darasa la sita, si kwa kushindwa masomo, bali kwa sababu dirisha la darasa letu lilitazama barabara. Tangu hapo nimechekecha mchanga wa dhahabu Geita, nimeanika dagaa visiwani, nimepaka rangi mitumbwi, nimelinda ghala la pamba, nimepakua ndizi melini. Kila kazi niliipenda mpaka siku nilipoielewa, kisha nikaondoka. Pikipiki peke yake ndiyo iliyonishika, kwa kuwa haikuwahi kuniomba nitulie. Nikishindwa kuikalia, sikujua ningegeuka kuwa nani.

Tena kulikuwa na bibi yangu, mama yake mama. Anaishi Busisi, ng'ambo ya maji, kwenye mji ule ule alikoolewa. Kwa miaka mingi aliuza karanga za kuchemsha kwa watu waliosubiri kivuko. Foleni ndiyo ilikuwa duka lake: kadiri magari yalivyochelewa kuvuka, ndivyo sufuria lake lilivyokwisha mapema. Daraja lilipofunguliwa foleni ikafa, magari yakawa yanapita juu bila kumtazama. Hakununa. Alisema amesimama juani vya kutosha, sasa anataka kitu kimoja tu: kulivuka daraja lenyewe, juu ya pikipiki yangu, ayaone kwa juu yale maji aliyoyatazama kwa pembeni maisha yake yote. Ndugu walimwambia apande basi, avuke, arudi, yaishe. Alikataa. Kwetu bibi na mjukuu ni watani. Yeye huniita mume wake, mimi humwita mke wangu, na tuna ruhusa ya kuambiana yale ambayo mama yangu akiyasikia hufunika uso kwa khanga.

"Kwenye kivuko nilivushwa na mume," aliniambia kwenye simu. "Kwenye daraja nako nitavushwa na mume. Unakuja lini?"

"Nakuja, mke wangu. Ngoja mgongo upoe."

"Mgongo," akasema bibi, kwa sauti ambayo sikuielewa wakati ule.

Nilijaribu kwenda. Kutoka Butimba mpaka Kigongo, daraja linakoanzia, si mbali kwa mtu aliyekaa. Kwa mtu aliyesimama ni safari ya mataifa. Nilifika Usagara miguu ikitetemeka kama ya ndama aliyezaliwa muda ule, nikapaki, nikanywa maji, nikageuza. Bibi nikamwambia mvua ilinikuta. Akasema huko kwake jua linachoma.

Ubaya wa kusema mgongo ni kwamba watu wa kijiwe chetu hawaachi mwenzao aumwe peke yake. Mmoja alileta mkanda mpana wa wabeba mizigo. Mwingine alileta mafuta meusi ndani ya chupa ya soda, akaapa kwamba ni ya chatu na kwamba chatu mwenyewe alimjua. Mwenyekiti wetu, mtu wa miraba minne aliyekuwa kuli bandarini kabla ya pikipiki, akanilaza kifudifudi kwenye benchi, akavua viatu, akanikanyaga mgongo kwa visigino.

"Umesikia ilivyolia?" akawauliza wenzake.

"Imerudi mahali pake hiyo!"

"Haya, inuka, mgonjwa. Kaa tuone."

Nikakaa. Yaliyofuata sitaki kuyaeleza. Niliinuka haraka kuliko nilivyokaa, nikawasha pikipiki, nikaondoka bila abiria, nimesimama vile vile.

"Bado haijakolea," nikamsikia mwenyekiti akisema nyuma yangu. "Kesho tutamkanyaga wawili."

Aliyenivua uongo wangu alikuwa mama mmoja muuza samaki, mteja wangu wa kila asubuhi. Hukaa upande, beseni la sato mapajani, na kwa kawaida hazungumzi mpaka tufike sokoni. Siku hiyo tulikuwa tunapita Mkuyuni, nikaruka tuta, nikasikia sauti yake sikioni.

"Mwanangu, wewe huna mgongo."

"Kwa nini, mama?"

"Mwenye mgongo akiruka tuta anashika kiuno. Wewe unabana makalio. Una kinyama."

Nusura tuingie mtaroni.

"Shika usukani!" akapiga kelele. "Usiniue, nina mapacha nyumbani! Hao mapacha ndio walioniletea na mimi."

Nikasimamisha pikipiki pembeni, kwa sababu kuna mambo mtu hawezi kuyasikiliza huku akiendesha. Palepale, sato wakitutazama kwa macho yao ya mviringo, akanieleza. Chake kilimtoka alipokuwa na mimba ya mapacha, na baada ya kujifungua hakikuondoka. Akaenda hospitali, wakamfunga mpira.

"Mpira gani?"

"Kipete kidogo hivi, cha raba. Wanaingiza kikopo chenye mwanga, wanakivuta kinyama, wanakivisha mpira shingoni. Basi. Hulali, huchanwi. Ulishaona kitovu cha mtoto mchanga? Kinafungwa, kinanyauka, kinaanguka chenyewe. Ndiyo hivyo hivyo."

"Kinauma?"

"Kuna uzito. Unahisi haja, ukienda hakuna kitu. Baada ya hapo nikarudi kwa samaki wangu."

"Na hakijarudi?"

"Kimoja kilirudi, wakafunga tena. Lakini changu kilikuwa cha ndani, mwanangu, kidogo. Chako kikoje?"

Nilitazama kulia na kushoto. "Kiko nje."

"Kimetoka, au kimehamia?"

"Kimehamia."

Akatikisa kichwa kama fundi anayeangalia injini iliyokwisha. "Huo mpira utashika wapi? Nenda ukaonwe. Na uache uongo wa mgongo, watakukanyaga mpaka uumwe mgongo kweli."

Nina ugonjwa mwingine, wa zamani kuliko bawasiri: nikishajua kitu kidogo, situlii mpaka nijue kilichobaki. Tangu siku ile nikaanza kuwaona watu wasiokaa. Nilivuka kwa kivuko cha kwenda Kamanga nikamwona bwana mmoja amesimama kwenye reli mwanzo hadi mwisho wakati viti vilikuwa vitupu. Kwenye sherehe ya kipaimara nikamwona mjomba wa mtu anakula wali akiwa amesimama, akisema anapenda kuangalia watoto wakicheza. Na nikamkumbuka mzee wa duka la vipuri, ambaye miaka yote nilimwona amekaa juu ya mpira wa ndani wa toroli, umejazwa upepo nusu na kufunikwa kitambaa safi. Nilikuwa nimeuchukulia mpira ule kuwa sehemu ya biashara yake.

Ni mzee wa Kihindi, na ukoo wao uko Mwanza tangu enzi za babu yake. Kiswahili chake ni cha Mwanza kuliko changu, tena Kisukuma anakijua cha kutosha kukataa kupunguza bei.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Plagi tena?"

"Leo sitaki plagi. Nataka kukuuliza habari ya huo mpira unaokalia."

Akaangalia kama kuna mteja mwingine. Hakukuwepo. Akacheka mpaka miwani ikateleza.

"Nimeukalia miaka yote hii, na wewe ndiye wa kwanza kuuliza," akasema. "Kaa." Kisha akajisahihisha mwenyewe. "Au basi, simama."

Yeye alifanyiwa kwa mashine. Alipelekwa mbali na mwanawe, akachomwa ganzi, mashine ikakivuta kinyama kikarudi juu ndani, ikakata ukanda wa ngozi laini ya huko huko na kuubana kwa vipini vidogo vya chuma. Alitegemea maumivu makubwa, akapata madogo. Mwaka ule, kwenye sherehe yao ya taa, alikaa sakafuni na wajukuu, miguu ameikunja, kama kijana.

"Lakini sasa unakalia mpira," nikamwambia.

"Kilirudi. Si kikubwa kama kile cha kwanza, ila kilirudi. Daktari aliniambia mapema kwamba mashine ina tabia hiyo. Sijuti. Zile sherehe nilizokaa sakafuni nani atazirudisha?"

"Kijiweni wanasema kinaletwa na nyama choma na pilipili."

"Pilipili sawa, nakula kama mama yangu alivyonilisha. Nyama sijaonja tangu kuzaliwa." Akagonga kaunta kwa kidole. "Kinaletwa na kukaa chooni unajikamua huku unasoma gazeti. Waambie hivyo kijiweni."

Nilipoenda hospitali nilikuta daktari wa upasuaji ni mwanamke, umri wa dada yangu mkubwa. Nikageuka mlangoni.

"Kaka, rudi," akasema bila kuinua kichwa. "Nimeshaona mengi leo, la kwako halitanishtua."

Alinipima, akaniambia nivae, kisha akasema jambo nililolipenda: kwamba damu ya chooni haidhaniwi tu. Kabla ya kuisingizia bawasiri, aliagiza kipimo cha kamera aone kama huko ndani hakuna kitu kingine. Hakikuwepo. Siku ya majibu nikamwomba anieleze kila njia iliyopo, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kuzilinganisha mwenyewe. Akavua miwani, akanitazama.

"Umezilinganishaje?"

Nikamweleza ya kitovu cha mtoto na ya vipini. Sikutaja watu. Akatoa kwenye droo kipete cha mpira, kidogo kuliko nilivyodhani, akaniwekea kiganjani, nikakivuta na kukiachia mpaka akanyoosha mkono nikirudishe.

"Umeelezwa vizuri," akasema. "Mpira ni mzuri kwa cha ndani ambacho hakijawa kikubwa. Kule ndani hakuna hisia za maumivu kama za ngozi ya nje. Nikikuvisha mpira kwenye hicho chako cha nje, utapiga kelele Kamanga wakusikie."

"Na mashine?"

"Maumivu yake mwanzoni ni machache kuliko ya kisu, na mtu anarudi kazini mapema. Lakini ugonjwa hurudi mara nyingi zaidi, na sehemu ya nje kama yako haiimalizi vizuri. Tena kwa mashine itabidi nikuelekeze hospitali ya mbali."

"Kisu je?"

"Kisu kinauma. Sikudanganyi. Tutakata, tutaacha kidonda kijifunge chenyewe polepole, na choo cha mwanzo hutakisahau. Lakini kati ya zote, hiyo ndiyo ambayo ugonjwa hurudi kwa nadra kabisa."

Nikafikiri. Mtu wa aina yangu hupenda njia fupi. Nilimwuliza swali nililokuja nalo tangu nyumbani: ni njia ipi itanifikisha haraka kwenye kiti cha pikipiki, bibi yangu akiwa nyuma, nimvushe daraja? Hakucheka. Aliuliza bibi ana umri gani, kama ana nguvu, na Busisi ni upande upi wa maji, kwa kuwa yeye ni mgeni huku.

"Nikikukata," akasema, "utalala kwa tumbo, utakuwa na wiki za kutulia, na pikipiki hugusi mpaka nikuone tena na nikuruhusu. Nikihangaika na mpira, labda utamvusha bibi mara moja. Kisha utarudi hapa umesimama."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuchagua jambo lililonitaka nikae mahali pamoja. Nikachagua kisu.

Mgonjwa wa kisu anahitaji mtu wa kumwangalia, na mimi chumba changu kilikuwa na godoro, jiko la mafuta na ramani ya Tanzania. Nikampigia bibi. Nilizunguka, nikauliza habari za mihogo, habari za mbuzi, mwisho nikasema.

"Mke wangu, si mgongo. Ni kinyama. Wanakikata."

Nikadhani simu imekata. Kisha nikasikia sauti ikianza chini kama chungu kinachochemka, ikapanda, na bibi akawa anacheka mpaka anakohoa.

"Babu yako naye alikuwa na mgongo!" akasema alipopata pumzi.

Hapo inabidi nieleze. Wajukuu wote wa mji ule tulikua na hadithi ya mgongo wa babu. Mvua kubwa ilinyesha, mto ukajaa, ndama akabaki ng'ambo, babu akambeba mabegani akavuka naye maji yakiwa kifuani. Ndama akapona, mgongo ukaharibika, babu akalazwa hospitali ya misheni. Nilipokuwa mdogo nilimbeba mbuzi wa jirani mabegani nikijifunza kuwa kama yeye.

"Na ndama?" nikauliza.

"Ndama gani! Alikatwa kinyama. Hiyo ya ndama aliitunga njiani akirudi, amelala kifudifudi kwenye gari la pamba. Alipofika nyumbani ndama alikuwa mdogo. Kadiri miaka ilivyokwenda ndama akakua, mto ukajaa. Angeishi mpaka leo angekuwa amebeba fahali." Akacheka tena. "Mimi ndiye niliyekuwa namkalisha kwenye maji ya moto. Beseni lake ninalo. Njoo."

Upasuaji wenyewe hauna hadithi ndefu. Walinichoma ganzi mgongoni, na nilipokuwa naukunja uti wa mgongo kama walivyoniambia, nikawaza kwamba hatimaye mgongo wangu umepata kitu cha kulalamikia. Miguu ikafa ganzi. Nikamwuliza daktari anaanzia upande gani. Muuguzi akaniambia ninyamaze.

Rafiki yangu mwenye teksi ndiye aliyenipeleka Busisi. Nililala kifudifudi kiti cha nyuma. Hivyo ndivyo nilivyovuka daraja kwa mara ya kwanza: pua kwenye kitambaa cha kiti, na nilipogeuza shingo nikaona tu nyaya nene nyeupe zikipita dirishani moja baada ya nyingine, kwa chini chini, na kipande cha mbingu.

"Umeliona?" bibi akaniuliza getini, hata salamu bado.

"Nimeona kiti cha gari, mke wangu."

"Afadhali. Kama ungeliona bila mimi ningekudai talaka."

Alinilaza kwenye kitanda cha kamba alichokitandika magodoro mawili. Mara kadhaa kwa siku alinikalisha kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, beseni la bati lenye maua yaliyofutika, nyuma ya kibanda cha jikoni, huku yeye amenipa mgongo anapepeta mtama na kunisimulia kwamba babu alikuwa akiimba ndani ya beseni lile, nyimbo za wacheza ngoma, kwa sauti, ili majirani wadhani amefurahi. Daktari alikuwa amenipa dawa ya kulainisha choo na kunionya nile vyakula vyenye makapi na kunywa maji mengi. Bibi hakuhitaji kuonywa. Alinilisha ugali wa mtama, mlenda, mapapai, matobolwa ya viazi vitamu vilivyokaushwa, yaliyochemshwa hadi yakawa laini, na kila nilipoweka kikombe chini alikijaza tena.

Choo cha kwanza nilikiogopa kuliko kisu. Nilikiahirisha mpaka bibi akanikamata. Alinisindikiza mpaka mlangoni, akavuta kigoda, akakaa nje.

"Umefika wapi?" akauliza.

"Bado, bibi."

"Usijikamue! Pumua. Fikiria mto."

"Mto upi?"

"Ule wa ndama."

Nikacheka, na kwa kucheka kule jambo lenyewe likaanza, nikapiga yowe lililowafanya mbuzi wainue vichwa. Jirani aliyekuwa akipita akasimama, akasalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, mama. Mjukuu ana nini?"

"Mgongo," bibi akajibu bila kusita.

"Pole yake. Kama wa marehemu?"

"Ule ule. Umo kwenye damu yao."

Maumivu yale yalikuwa kama daktari alivyosema, sitayasahau. Lakini yalipungua. Yaliyofuata yalikuwa madogo, na yaliyofuata tena madogo zaidi, na katikati yake nikagundua kwamba nina furaha. Nililala kwa tumbo chini ya upenu, kidevu mikononi, nikitazama kitu kilichokuwa mbele yangu kwa sababu sikuweza kwenda kwingine. Nilijifunza kwamba ziwa lina rangi yake ya asubuhi ambayo hairudi tena siku nzima. Nilijua ndege mnana yupi anaiba majani ya kiota cha jirani yake. Nilimwona bibi akichambua karanga mbovu kwa kuzisikiliza, anatikisa kiganja sikioni, anatupa. Nimezunguka nusu ya ziwa hili, na kila mahali niliondoka nilipoishiwa maswali. Pale kwenye ua mmoja nilikuwa nayo mengi kuliko Geita yote.

Kijiwe kizima kilikuja kunitazama, msafara wa pikipiki uliofanya watoto wa Busisi wakimbie barabarani. Walileta soda, mapapai na yale mafuta ya chatu. Mwenyekiti akanishika bega. "Tuoneshe walipopasua."

Nikamtazama bibi. Bibi akatazama pembeni. Hiyo ilikuwa juu yangu. Nikawaambia ukweli, pamoja na habari za mpira na mashine. Mmoja akatema mate pembeni kwa mazoea. Kisha mwenyekiti akasema taratibu, kwa huzuni ya kweli, "Mbona hukusema? Tungekanyaga chini zaidi."

Walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwenye kigoda. Walipokuwa wanaondoka, yule wa mafuta ya chatu alibaki nyuma, akajifanya anakaza kioo cha pikipiki yake, akaniuliza kwa sauti ya chini kama njia ile ya mpira inauma. Nikamweleza ya kitovu cha mtoto, nikamtajia siku daktari anazoona wagonjwa.

Ruhusa yangu ilikuja wakati mtama umeshavunwa. Daktari aliangalia, akasema, "Safi. Mvushe bibi." Alikumbuka.

Bibi alivaa kitenge kipya na viatu alivyovaa siku ya kumzika babu. Nilimwekea mto mdogo kwenye kiti, akautupa. "Mgonjwa ni wewe." Akapanda, akanishika kiuno, nami nikakaa. Nilikaa kabisa, uzito wangu wote, kama gunia linavyokaa. Hakuna kilichouma. Tulipoingia darajani nikapunguza mwendo. Upepo ulikuwa wa upande, nyaya zikipita juu yetu, na chini maji yametandazwa hadi visiwani. Nikahisi kidole cha bibi kinanigonga bega, kisha kikaelekeza nyuma yetu, upande wa pwani ya Busisi tulikotoka.

"Pale," akasema. "Pale penye lile jiwe ndipo nilikuwa naweka sufuria."

"Padogo."

"Padogo sana," akasema bibi kwa furaha. "Kumbe nilikuwa padogo namna hii."

Kigongo tulisimama kwenye kibanda cha soda. Mwenye kibanda akatoa benchi. Bibi akakaa, nikakaa kando yake, tukanyoosha miguu. Mzee mmoja mwenye koti na fimbo alikuwa amesimama kando ya kibanda, chai mkononi. Mwenye kibanda akamsogezea kiti.

"Acha tu," akasema mzee. "Nitasimama. Mgongo unanisumbua."

Bibi akaniangalia. Mdomo wake ulikuwa umebana, mabega yakitikisika. Alifunika uso kwa ncha ya kitenge, akaninong'oneza, "Mume wangu, nenda ukamwulize. Kimetoka, au kimehamia?"

Nikaweka soda chini, nikainuka kutoka kwenye benchi zuri lile kwa hiari yangu mwenyewe, nikaenda kusimama naye.

"Shikamoo, mzee."